Kura Saba kwa Baba Mkwe

Betri ya gari ina uzito wa kilo kumi na tano hivi. Sikuipima kwa mizani. Niliipima kwa shingo, kila Jumamosi asubuhi nikitoka nayo nyumbani hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kwenda senta ya Base Camp, kwa kijana anayechaji kwa sola, na kila Jumapili mchana nikirudi nayo imejaa. Majirani walidhani nimefungua biashara. Mke wangu, ambaye hana tabia ya kudhani, alisema wazi: "Baba watoto, tangu unioe hujanitekea hata jerikani moja ya maji. Hiyo betri imekuzalia nini?"

Haikunizalia kitu. Nilikuwa naibeba ili niwaone watu wakiimba na kulia kwenye televisheni. Leo naweza kulisema hilo bila aibu kwa kuwa homa imeshuka, na aliyepona malaria ana ruhusa ya kuwasimulia wenzake alivyokuwa akiweweseka.

Iliniingia mwaka 2013. Nilikuwa na miaka mitano tangu nitoke Rutshuru, Kongo, na blanketi moja na redio isiyo na betri. Televisheni sikuwa nayo, ila nilikuwa na shilingi 500 za kuingilia kibandani. Msomaji wa Dar es Salaam atakiita kibanda umiza. Sisi tunasema kibanda tu. Kuumia hapa hakuhitaji tangazo. Kuta za turubai, benchi za miti isiyotolewa magome, jenereta nje inakohoa kama mzee wa tumbaku, na ndani joto la watu waliobanana kama ndizi kwenye mkungu. Humo ndimo nilimojifunza maana ya neno kimataifa. Filamu ni ya Kichina, VJ anaisimulia kwa Kiganda, watazamaji ni Mkongomani, Mrundi, Msomali na Mnyarwanda, hakuna hata mmoja anayekijua Kiganda sawasawa, na wote wanacheka mahali pamoja.

Katiba ya kibanda ilikuwa na kifungu kimoja: mpira kwanza. Sisi wapenzi wa Tusker Project Fame tulikuwa chama cha upinzani, wachache, wengi wetu kina mama na mafundi cherehani. Tulikaa benchi la nyuma tukingoja refa apulize filimbi, na mechi ikienda dakika za nyongeza tulikuwa tukimwomba Mungu mtu yeyote afunge, hata kwa mkono.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuugua: lilikuwa shindano la uimbaji lililofanyika Nairobi kuanzia 2006. Vijana wa Afrika Mashariki walifungiwa katika nyumba moja iliyoitwa akademi, wakafundishwa kuimba na kusimama, kisha wakapandishwa jukwaani mbele ya majaji: Ian Mbugua wa Kenya, Juliana Kanyomozi wa Uganda na Hermes Joachim wa Tanzania. Ian alikuwa na sura ya mwalimu wa hesabu anayerudisha mitihani. Watazamaji walipiga kura kwa simu, na aliyekosa kura akafunga begi. Washindi niliwakariri kama wengine wanavyokariri wafalme wa Agano la Kale. Valerie Kimani, Kenya, 2006. Esther Nabaasa, Uganda, 2008. Jina Nabaasa ukiliita kwenye stendi ya Mbarara watageuka watu wanne. Alpha Rwirangira, Rwanda, 2009. Davis Ntare, Uganda, 2010. Ruth Matete, Kenya, 2012.

Umeliona tatizo. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mganda, Mkenya. Kongo hatukuwamo. Shindano lilikuwa la Afrika Mashariki, na sisi wakati huo tulikuwa Afrika Mashariki kwa miguu tu. Kwa makaratasi bado. Mtazamaji wa shindano la namna hii asiye na nchi ni kama mtu aliyekwenda msibani asikojua aliyekufa ni nani: analia, lakini kwa kuangalia wenzake.

Ikabidi niazime nchi. Ningependa kukuambia kwamba nilisikiliza sauti za wote, nikapima, nikachagua. Nilichagua Burundi kwa sababu ya mandazi. Jirani yetu, Mrundi tuliyemwita Mama Mandazi, alikuwa akiingia kibandani na ndoo yenye kifuniko, na aliyekaa upande wake alipata ya moto. Mtu wa Burundi mwaka ule alikuwa Hope Irakoze. Baada ya wiki mbili nilikuwa Mrundi kuliko Warundi. Nilikuwa najua namna anavyofumba macho kabla ya kupandisha sauti. Mshonaji mmoja aliyethubutu kusema kwamba wale vijana wawili wa Kenya, Amos na Josh, wanaimba vizuri zaidi, nilimnyima salamu siku tatu.

Usiku wa fainali mwenye kibanda alitupa masharti: mpira utakwenda mpaka mapumziko, sisi tupewe dakika kumi na tano, kisha mpira urudi, kisha matokeo. Fainali nzima niliiona vipande vipande, kama mtu anayechungulia harusi kupitia ua wa matete.

Sasa kura. Maagizo yalipita mbio chini ya skrini, na mbele yangu kulikuwa na kichwa cha kijana wa Arsenal. Nilichoambulia ni kwamba unaandika kitu na unakituma mahali. Nikaandika jina, HOPE, kwa herufi kubwa. Simu yangu ilikuwa kitochi chenye kioo kilichopasuka katikati. Ukitaka kutuma ujumbe unabahatisha kwa kidole gumba, kama anayechagua maharage gizani. Nikatuma. Simu ikaitikia kwamba umekwenda. Raha niliyoipata! Nikatuma tena. Nilituma mara saba, mpaka mtandao, ambao siutaji kwa kuwa bado nautumia na deni langu la salio wanalo, ukaniambia nimeishiwa.

Hope akashinda. Milioni 5 za Kenya! Warundi wakainuka kwa pamoja, turubai la upande mmoja likang'oka, jenereta ikazimwa na mtu asiyejulikana, na bado watu wakaendelea kucheza gizani. Mama Mandazi alifunua ndoo akagawa kwa kila mkono ulionyooshwa. Nilikula manne. Nilikwenda kulala nikijua kwamba kati ya kura zilizompa kijana wa watu maisha, saba zilitoka kwenye kidole changu hiki.

Kesho yake asubuhi boda ikasimama mlangoni. Baba mkwe, kutoka upande wa Juru, na koti lake la suti. Nyuma yake, juu ya boda hiyo hiyo, mzee mwingine wa ukoo wao. Wazee wawili kwenye boda moja hawaji kuamkia.

"Jambo sana, baba. Karibu, baba."

Hakuwa na haraka. Alikunywa chai, akauliza mvua, akauliza mihogo. Kisha akatoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa, akakifungua kitambaa taratibu kama anayefunua maiti, akaiweka mezani.

"Mwanangu, jana usiku ulinitumia neno."

"Neno gani, baba?"

"Mara saba."

Nikaitazama ile simu, na damu ikashuka mpaka kwenye kandambili.

"Mie Kizungu sikusoma," akaendelea. "Nikasema, mkwe wangu ananitumia neno moja mara saba usiku, kuna jambo. Nikapeleka kwa mwalimu. Mwalimu anasema maana yake ni matumaini." Akamgeukia mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa, shahidi. "Sasa mwanangu, matumaini mie niko nayo tangu 2010. Tumekuja kuuliza, wale mbuzi wawili wanakuya lini?"

Katika mahari walikuwa wamebaki mbuzi wawili. Jambo hilo lilikuwa limelala kwa miaka mitatu, limejifunika vizuri, na ni mimi niliyekwenda kuliamsha saa nne usiku kwa gharama zangu mwenyewe. Ningemwambia nini? Kwamba salio la kumchagua mwimbaji wa Burundi ninalo, ila mbuzi sina? Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akinitazama kwa makini ya mtu anayengoja matokeo.

Siku ile ile nilimtoa mbuzi jike mwenye mimba. Kwa hesabu yangu hao ni mbuzi wawili. Kwa hesabu ya baba mkwe, mimba si mbuzi. Mchana Mama Mandazi akapita na daftari lake. Manne ya usiku wa fainali alikuwa ameyaandika.

Mtu mwenye akili timamu angepona hapo. Mimi nilizidiwa. Niliposikia kwamba Dar es Salaam nako kuna Bongo Star Search ya Rita Paulsen, na kwamba pale mezani kuna Salama Jabir ambaye hamwonei mtu haya, nilianza kuulizia stesheni za Tanzania kama watu wanavyoulizia dawa. Wazungu walikuwa na mashindano ya namna hii mapema; American Idol ilianza 2002, na Simon Cowell akaugeuza ukali kuwa ajira. Vipande vyake mpwa wangu alivipokea kwa WhatsApp. Kuanzia Julai 2018 serikali ya Uganda ilikuwa imeweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetaka kuingia WhatsApp na Facebook, kwa hiyo kuna siku nililipa kodi kwa serikali ili nimwone Mwingereza akimtukana Mmarekani.

Mwaka 2019 mahindi yalikubali. Nikapanda taksi kwenda Mbarara kununua televisheni yangu mwenyewe.

Mbarara ni mji unaojijua. Unapokelewa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe za kuzuia barabara, maziwa yapo kila kona, na wenye maduka wanakuita ssebo kwa heshima ambayo inapanda bei kidogo kidogo. Nikaingia kwa muuza televisheni zilizotumika. Akaniwashia moja, inchi 21, picha safi kabisa, mechi ya mpira inaendelea, nyasi zinang'aa mpaka unataka kulisha mbuzi. Nikalipa. Ilikuwa mwezi mzima baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba uwanja wa mpira ni wa kijani.

Konda wa taksi alisema televisheni ni abiria. Nikailipia kiti, nayo ikakaa dirishani ikitazama migomba ya Isingiro, mimi nikakaa nusu kiti kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye usingizi. Lami ikaisha, vumbi likaanza, na kila shimo nililifunika lile dude kwa kifua changu. Watoto wangu sijawahi kuwakumbatia hivyo.

Nyumbani nikaunganisha betri, nikawasha. Mtangazaji wa habari akatokea. Alikuwa rangi ya kabichi.

Waziri naye kabichi. Mvua ya Kampala kabichi. Rimoti niliyopewa ilikuwa ya televisheni nyingine. Ukibonyeza sauti, maandishi ya Kichina yanapanda. Antena ilikuwa waya, na waya ulitaka mtu. Tulijaribu ukoo mzima, tukagundua kwamba mtoto wangu wa kwanza, wa miaka minane, ndiye mwenye mawimbi mazuri, hasa akisimama juu ya kinu na mkono wa kushoto juu. Alikuwa akiuliza, "Baba, wameshinda?" kwa kuwa yeye, kule nyuma ya ukuta, hakuona kitu.

Hivyo ndivyo nilivyoitazama East Africa's Got Talent, kuanzia Agosti hadi Oktoba 2019. Hii ilikuwa ya vipaji vya kila aina, waimbaji wakiwamo. Mezani walikaa Jeff Koinange, Vanessa Mdee, Gaetano Kagwa na Makeda Mahadeo, na mwenyeji alikuwa Anne Kansiime, mtu wa Kabale, jirani yetu kabisa. Nchi zilikuwa nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kongo hakuna, kama kawaida. Safari hii Burundi nayo hakuna. Nilipomweleza Mama Mandazi alifikiri kidogo akasema, "Sasa tuko sawa," akaondoka na ndoo yake, hakurudi tena kutazama. Nilibaki peke yangu na watu wa kijani. Walioshinda walikuwa watoto wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, dada na kaka, dola 50,000. Waliimba vizuri, na sina neno nao. Ila nilijikuta sijafurahi, na mtu akikuta chai haina utamu hujiuliza kama ni sukari au ni ulimi.

Ulikuwa ulimi. Nilikuwa nimeanza kuona mshono. Katika mashindano haya yote, ya kwetu na ya Wazungu, kabla ya wimbo kuna filamu fupi: nyumba ya bati, mama anafua, piano inadondoka tone moja moja. Mshiriki anaeleza alivyoteseka. Hadithi inachukua muda wa kuchemsha chai; wimbo, muda wa kuipuliza. Kisha jaji anafuta jicho, na sisi nyumbani tunapiga kura, na hakuna anayekumbuka kama mtoto wa watu aliikosa noti.

Mzee mmoja jirani yangu, ambaye kesi yake ya kwenda nchi ya tatu ina umri wa kuota ndevu, alikuwa akija kutazama pamoja nami. Usiku mmoja binti mmoja alieleza mambo mazito mpaka majaji wakashikana mikono. Mzee akatikisa kichwa.

"Huyu angeshindwa mapema."

"Kwa nini, mzee? Amewaliza wote."

"Hajataja tarehe."

Nilicheka mpaka mtoto akateleza kwenye kinu na picha ikapotea. Lakini maneno ya mzee hayakuondoka. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958. Kwa miaka zaidi ya sitini watu wamekuwa wakikaa hapa mbele ya meza, ng'ambo ya meza kuna mtu na kalamu, na kueleza walivyokimbia. Hadithi yangu mimi nimeisimulia mara nyingi mpaka naijua kama salamu. Na huku kwetu ukisema mlikimbia saa tisa usiku, miaka mitatu baadaye useme saa kumi, kalamu inasimama. Kule kwenye televisheni hakuna jaji aliyemuuliza mtu, "Mwanzo ulisema mama yako alikuwa anauza samaki, mbona leo anauza nyanya?" Wanasadikiwa mara moja, na wanapewa maji ya kunywa. Nilikuwa nabeba betri kichwani ili nitazame, kwa raha zangu, kitu kile kile kilichokuwa kikinitoa jasho ofisini.

Bado sikuacha. Nasema hivi ili msomaji asinipe sifa nisizostahili.

Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ikatia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengine walizungumza juu ya forodha na majeshi. Mimi nilisema: sasa tutapigiwa kura. Nikamtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na saba, mwenye sauti ambayo akiimba kwaya kina mama wanaacha kupepeta maharage. Nikamkumbusha habari za Innocent Balume wa Goma, huyu Innoss'B, aliyeshinda Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa na miaka 13. Kwamba Yope, ule wimbo uliomwingiza katika kila harusi, ulimjia 2019, na katikati kuna miaka tisa ya kazi, sehemu hiyo niliiruka.

Kulikuwa na shindano Mbarara; waandaaji nawaacha na Mungu wao. Ada ya kujiandikisha shilingi 20,000, nikatoa mimi. Tulifika saa moja asubuhi tukakuta mstari umezunguka ukumbi. Vijana walikuwa wakisukutua maji ya tangawizi na kutema kwenye maua ya watu. Mmoja alikuwa na gitaa lenye nyuzi mbili. Mbele yetu kulikuwa na msichana analia kwa uchungu kabisa, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwinamia: "Dada, pole, kuna nini?" Akafuta uso mara moja. "Hakuna, ssebo. Najizoesha."

Zamu yetu ilifika saa tisa. Mimi nilizuiwa mlangoni, nikaenda dirishani. Majaji watatu. Wa pembeni alikuwa anakula rolex, na rolex ikiwa ya moto, mayai mawili na nyanya, haiwezi kushindana na mwimbaji yeyote. Lakini mpwa alipoanza, yule mtu aliacha kutafuna. Kijana aliimba, jamani. Aliimba mpaka fundi aliyekuwa anapanga waya akakaa juu ya spika.

Kimya. Jaji wa katikati, aliyekuwa na Kiswahili cha jeshini, kile cha kuamrisha, akasema:

"Sauti iko. Sasa wewe natoka wapi?"

"Nakivale."

Kalamu zikawekwa chini. Rolex ikawekwa chini. Wakatazamana kama wavuvi walioona uzi umevutwa.

"Eleza. Wewe napitia nini?"

Mpwa wangu, Mungu amweke, akajibu: "Nimepitia Isingiro, afande. Kisha Kaberebere."

"Hapana! Maisha! Maisha yako."

"Maisha ni mazuri."

"Mama?"

"Mama yuko na duka la nguo. Baba anatengeneza simu. Mimi naimba kwaya, na ni beki wa kushoto."

"Hakuna shida yoyote? Fikiri vizuri, kijana."

Akafikiri. Nikaona anafikiri kweli, paji la uso limekunjamana. "Mwaka jana," akasema, "tuliibiwa bata."

Wakanong'onezana. Yule wa pembeni akaichukua rolex yake. Mpwa akaambiwa ana sauti, ila hana mguso; ajaribu mwakani.

Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Kwa nini hukusema habari za Rutshuru? Kwa nini hukusema 2008, mlivyovuka mpaka usiku? "Mjomba," akasema, "nilikuwa na miaka mitatu. Nilibebwa mgongoni, nikalala." Akafungua mkate, akanikatia nusu, akatazama nje dirishani, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na konda akapunguza redio ili amsikie. Hapo Kaberebere, mkate mkononi, ndipo nilipong'amua kwamba tangu Mbarara nilikuwa namgombeza mtoto wa dada yangu kwa kosa la kukua vizuri.

Kilichobaki walimalizia wanangu. Jumapili moja baada ya ibada nimejilaza chini ya mwembe, nikasikia makelele nyuma ya nyumba. Nikachungulia. Jerikani tatu zimepangwa mstari, juu yake wamekaa majaji watatu, wa katikati ni yule mwanangu wa mawimbi, sasa ana miaka kumi na mmoja, amevaa miwani ya bibi yake. Mbele yao amesimama binti yangu wa miaka saba, ameshika mwiko.

"Nitaimba wimbo wa shule ya Jumapili," akasema.

"Kwanza tueleze maisha yako," jaji akamwamuru.

Binti akainamisha kichwa. Akatulia. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, ya kukatika katika, na sijui aliitoa wapi.

"Mimi nimezaliwa katika familia yenye shida nyingi. Mama yangu anateka maji peke yake. Baba yupo." Akameza mate. "Baba alikuwa anabeba betri."

Jaji mmoja akaguna kwa huruma.

"Endelea."

"Babu anamdai baba mbuzi."

"Pole sana. Lakini machozi sijaona."

Binti akachovya kidole kwenye jerikani, akajipaka chini ya macho, kulia na kushoto, kwa utaratibu kama anayejipaka mafuta.

"Umepita!"

Wakaruka wote wakashangilia, wakamwaga na maji yenyewe. Wimbo hakuuimba, na hakuna hata mmoja aliyeukumbuka. Kutoka jikoni nikasikia makofi ya taratibu. Yalikuwa ya mke wangu.

Televisheni nimemuuzia mwenye kibanda. Anaonyeshea mpira tu, na anasema katika maisha yake hajapata kuona nyasi nzuri namna ile. Betri iko kwa kinyozi wa senta, inaendesha mashine. Kichwa cha mtu mzima shilingi 2,000, cha mtoto 1,000. Mpwa anaimba kwaya Jumapili na kucheza beki wa kushoto Jumamosi, na bata hajapatikana. Maji nateka mimi, jerikani mbili asubuhi na mbili jioni.

Mbuzi mmoja bado. Kama unaye wa bei nafuu, hasa upande wa Juru ili nisimsafirishe mbali, njoo nyumbani tuongee. Ujumbe wa simu tafadhali usitume.